Diski Uliyoikuta Tupu

Msamala, Songea
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Truda,

Umekwenda Peramiho kumuaga bibi yako, nami nimebaki na nyumba na kalamu. Mambo ya blanketi, ya kula vizuri, ya nani wa kumtafuta ukifika Mbeya, nimekwisha kukuambia mara nyingi hadi umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Humu hayamo. Humu nimeandika jambo ambalo kwa miezi minne nimeshindwa kulitamka tukiwa tumekaa wawili mezani. Naliandika kwa sababu kwenye karatasi siwezi kuligeuza katikati likawa swali la kukuuliza wewe.

Unanijua kuwa mama wa maswali. Ulikuwa wapi, na nani, mbona umechelewa, mbona umewahi. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni ualimu, kwamba walimu wote wako hivyo. Hawako hivyo. Ngoja nikueleze ilikotoka tabia hiyo, maana utakayoyasoma mbele yametoka huko.

Baba yako alihamishiwa kazi Mbinga ukiwa na miaka mitatu. Alikuwa akirudi kila mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja akarudi na shati ambalo kifungo chake kimoja kilishonwa kwa uzi wa buluu. Mimi sikukishona, na baba yako hakuwahi kushika sindano. Nilikaa na kile kifungo rohoni wiki tatu, kisha nikapanda gari hadi Mbinga bila kumwambia mtu. Nikakuta nyumba, mwanamke, na mtoto anayetambaa. Watu walinionea huruma kwa yale niliyoyakuta. Hakuna aliyejua kuwa kilichoniharibu ni kingine: nilishuku, na nikawa nimepatia. Mtu akishuku akakosea huona aibu, akajirekebisha. Mimi nilipatia, na tangu siku ile niliiamini shaka yangu kuliko nilivyomwamini binadamu yeyote.

Miaka michache baadaye nilipangwa kusimamia mtihani wa darasa la saba katika shule moja nje ya mji. Mstari wa tatu alikaa msichana anayeitwa Skolastika. Kila baada ya muda alikuwa akishusha mkono wa kushoto chini ya dawati na kuufunua. Nilimwendea kwa nyuma, nikaukamata. Kiganjani kulikuwa na maandishi ya wino. Sikuyasoma. Nilimtoa nje, nikajaza fomu ya taarifa, nikaitia sahihi. Baada ya kutia sahihi ndipo nikasoma: ilikuwa namba yake ya mtihani. Mtoto aliogopa ataisahau.

Ningeweza kuichana ile fomu. Lakini msimamizi mwenzangu alikuwa ameniona nikimkamata, na niliona itakuwa fedheha mwalimu wa miaka yangu kusema amekosea. Matokeo ya Skolastika yakazuiwa. Unamfahamu, ila hujui kuwa ni yeye: ni yule dada anayeuza nguo za mitumba za watoto hapa Msamala, yule ambaye hanipiti bila kusema shikamoo mwalimu. Hajui ni nani aliyeijaza ile fomu. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, darasa lilikuwa na giza, naye alikuwa analia, hakuuona uso wangu vizuri. Ulikuwa ukiniuliza mbona tunazunguka njia ya mbali kwenda sokoni. Sasa unajua.

Basi mimi ndiye mtu uliyemjia siku ile ukisema unataka kusoma kozi ya kutengeneza tovuti.

Nilikuuliza tovuti ni nini. Ukasema ni kama ubao wa matangazo ambao mtu wa nchi yoyote anaweza kuusoma akiwa kwake. Nikakuuliza ubao wenyewe unakaa wapi. Ukasema haukai mahali hasa. Hapo hapo nikajua tunaibiwa.

Usinicheke. Sisi tulikulia wakati wa duka moja la ushirika, sabuni kwa foleni, na kila mtu akijua nani anauza nini. Likaja soko huria, na kila wiki Songea ikawa na kibao kipya: Kiingereza kwa miezi mitatu, udereva kwa wiki mbili, mbegu za ajabu, dawa moja ya magonjwa yote. Wengine waling'oa vibao vyao usiku na ada za watu mfukoni. Nilikwenda mara mbili kule Lizaboni ulikokuwa unasoma, kuichunguza kozi yako, na hukujua. Nilikaa kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara, nikajifanya nasubiri ndala. Niliona chumba chenye kompyuta nne, wanafunzi wawili wawili kwa kila moja, na kijana mwenye tai akitembea nyuma yenu, mikono mgongoni. Huyo ndiye Mwalimu Luka. Nikamwangalia viatu, nikamwangalia vidole kama ana pete. Na pembeni yako nikaona msichana mwenye mtandio wa kijani, mnacheka.

Msichana huyo, Zamda, ulimleta nyumbani wiki ileile. Akaniamkia vizuri, akaeleza kwao ni Tunduru, hapa anaishi kwa mama yake mdogo anayefua na kupiga pasi nguo za watu. Akala, akaosha vyombo, akaosha hata sufuria ambayo hatukuwa tumeipikia siku ile. Mama mwingine angesema binti kalelewa. Mimi nilijiuliza anataka nini.

Ikafika kazi ya mwisho. Kila mwanafunzi atengeneze tovuti nzima peke yake, ailete kwenye diski siku ya Jumatatu, aieleze mbele ya darasa. Zamda alichagua korosho za kwao. Wewe ukachagua uyoga: upi unaliwa, upi unaua, unaota wapi mvua zikianza, na bibi yako anautambuaje. Ukawa unakwenda Peramiho kila Jumamosi na daftari kubwa, unarudi na tope hadi magotini. Mimi nikawa nalitazama lile tope.

Siku moja uliniletea ukurasa mmoja uliouprinti, unataka nifurahi. Niliusoma kama ninavyosoma madaftari, natafuta kosa. Sikupata hata moja, na hilo ndilo lililonitia hofu. Tangu lini maandishi yako yakakosa makosa? Halafu picha: uyoga mweupe kwenye majani makavu, jua limewaka, na juu ya majani kimelala kivuli cha mtu. Koti refu, kofia. Kivuli cha mwanamume.

Nikakuuliza picha kapiga nani. Ukasema, "Tulipiga tu mama, mimi na Zamda." Nikaling'ang'ania lile "tu". Zamda havai koti la kiume. Kabla hujamaliza chai yako nilikuwa nimekwisha kupanga kila kitu kichwani: Mwalimu Luka anakwenda nawe porini, Mwalimu Luka ndiye anayetengeneza hiyo tovuti, Zamda anawafichia. Kilichobaki ni kujua wewe unampa nini. Mwanangu, niliyawaza hayo juu yako nikiwa nakumiminia chai.

Ningekuuliza tu, "Hiki kivuli cha nani?" ungenijibu ukicheka, na barua hii isingekuwepo. Lakini anayeshuku haulizi swali ambalo jibu lake ni rahisi hivyo. Huuliza pembeni, kisha huenda kutafuta mwenyewe.

Unaikumbuka ile Alhamisi. Jumatano Zamda alibaki na diski yako zamu ya jioni ili akuwekee picha zilizobaki, akaileta hapa mlangoni kabla ya giza. Alhamisi asubuhi ulikwenda kusaga mahindi, na nilijua mashineni kuna foleni. Nikafungua begi lako. Nikaichukua diski, nikaifunga kwenye leso, nikaenda nayo kwenye duka moja la fotokopi karibu na soko ambako kuna kompyuta. Nilimwambia dada mpiga chapa kuwa ni mitihani ya shule. Nilitaka kuziona kurasa zote, nione jina la nani limejificha humo.

Aliitia diski kwenye mashine, kisha akaja mteja wa fotokopi, akainuka. Nikabaki mimi na kioo. Kompyuta ikaandika swali kwa Kiingereza. Ilisema diski hii haijaandaliwa, je, iandaliwe sasa? Nikaona ni swali la adabu. Kama haijaandaliwa, si iandaliwe. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, maneno yakiwa marefu zaidi, na dada alikuwa anarudi, nikaona haya akinikuta nimekwama. Nikabonyeza ndiyo mara ya pili. Mimi ambaye kwa miaka yote hii nimewaambia watoto wa watu wasome swali hadi mwisho kabla ya kujibu.

Dada akaangalia, akaangalia tena. Akasema, "Mwalimu, mashine hii huzikataa diski nyingine; ungebonyeza hapana. Umeisafisha. Kama kulikuwa na kitu, hakipo."

Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani, nikaiweka diski kwenye mfuko uleule wa begi, maandishi yakiangalia ndani kama nilivyoikuta. Ukarudi na unga, ukaniuliza mbona natoka jasho. Nikasema ni moto wa jikoni.

Ijumaa mchana ulikuja nyumbani macho mekundu. Ukasema diski iko tupu, haina hata herufi, na kompyuta za darasani huwa zinafutwa kila wiki kwa kuwa hazina nafasi. Ukasema labda imeharibika yenyewe. Labda ni joto. Kisha ukasema, taratibu, kama mtu asiyependa anachokisema, kwamba wa mwisho kuwa nayo alikuwa Zamda.

Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema. Neno moja lilitosha. Badala yake nikasema, "Nilikwambia yule msichana simwelewi."

Truda, nataka ulione hilo kama lilivyo. Ulifika ukiwa na wasiwasi, ukaondoka ukiwa na hakika, na hakika hiyo nilikupa mimi. Ulirudi Lizaboni mchana uleule, ukamsimamia Zamda mbele ya darasa. Jioni ulinisimulia yote, nami nikakusikiliza nikichambua maharage. Kwamba alisema aliirudisha ikiwa na kila kitu. Kwamba ulimwambia ameona kazi yako imeizidi yake. Kwamba alikusanya madaftari yake, akatoka, na Mwalimu Luka akamfuata hadi barabarani akarudi peke yake. Ulipomaliza ukaniuliza kama ulifanya sawa. Nikasema mtu lazima ajilinde.

Zamda hakurudi. Korosho zake zilikuwa zimebaki ukurasa mmoja.

Kisha zikaja zile siku mbili ambazo najua unazikumbuka kwa furaha, na hiyo ndiyo sehemu inayonichoma zaidi. Mwalimu Luka alifungua chumba Jumamosi kutwa, na Jumapili baada ya misa, ili uandike upya. Picha zilikuwepo kwenye bahasha ya studio, na kurasa zote ulikuwa umeziandika kwa mkono kwenye lile daftari kubwa. Nikajitolea kukusomea. Ulishangaa. Ulidhani ni upendo, na upendo ulikuwemo, lakini nilikuja kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani.

Nikakaa pembeni yako, kwenye kiti cha Zamda, nikaanza kusoma alama ambazo sikuwahi kuziona. Fungua, kichwa, funga. Fungua, mwili. Baada ya saa moja nikaelewa kuwa kila kinachofunguliwa lazima kifungwe, na nikakukamata mahali: "Hapa hujafunga." Ukaangalia, ukacheka, ukasema, "Mwalimu ni mwalimu." Sikumbuki lini tuliwahi kukaa hivyo kabla ya siku ile, mimi na wewe.

Na ndani ya daftari lile nikakuona. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Najua kazi ya kunakili na najua kazi ya mtu aliyehangaika. Mistari uliyoikata, ukaandika, ukakata tena. Pembeni umejiandikia: muulize bibi huu unanukaje. Mahali pengine: neno hili si sahihi, mama atalikataa. Makosa yalikuwepo mengi tu. Ulikuwa umeyamaliza kabla hayajanifikia, ili nisiyapate.

Kwenye ukurasa wa picha nikakuta orodha yako. Picha ya kwanza, nzuri. Ya pili, imetikisika. Ya nne: "Irudiwe. Kivuli cha Zamda kimeingia, na lile koti la mvua la mjomba wake."

Ukaniuliza mbona sisomi. Nikasema nimepoteza mstari.

Jumatatu ulisimama mbele yao, nami nikakaa nyuma. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Mwalimu Luka alikuuliza mtu wa mbali akisoma tovuti yako atajuaje uyoga wenye sumu, alama yake ni ipi. Ukasema bibi yako anasema alama moja haipo. Kuna mweupe unaoliwa na mweupe unaoua; lazima uujue mmoja mmoja kwa jina lake, na ule usioujua uuache palepale ulipo bila kuusema kitu. Darasa likapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi.

Ukapata cheti, na kwa cheti hicho chuo cha Mbeya kikakuita. Kila mtu aliyekuja kunipongeza nilimkaribisha chai.

Sikuambii umwamini kila utakayekutana naye. Mbeya kuna watu wa kuogopwa kweli, kama walivyo hapa. Na mimi kuamini sikujui, nitakufundishaje? Ninachojua ni kitu kidogo tu: mara zote mbili, kwa Skolastika na kwako, ukweli ulikuwa karibu nami kiasi cha kuugusa kwa mkono, umeandikwa kwa wino, na niliusoma baada ya kumaliza kuhukumu. Na mara zote mbili, kosa lenyewe lingeweza kurekebishwa siku ileile. Kilicholifanya liwe la miaka ni kunyamaza kwangu.

Leo asubuhi, ulipopanda gari la Peramiho, mimi nilikwenda Lizaboni. Nilipanga kwenda nikiwa tayari nimeiandika barua hii. Kalamu ikagoma, nikaona nianze na miguu.

Nilimkuta Zamda uani anapiga pasi ya mkaa, mashati ya watu yamepangwa kwenye mkeka. Alipoitika hodi yangu na kuniona, aliitua pasi kwenye kigae, akajifunga mtandio vizuri. Akasema shikamoo mwalimu, akanitafutia kigoda. Nikakataa kukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kumuuliza habari za Tunduru.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Begi, leso, lile duka, swali la kompyuta, na neno nililokuambia Ijumaa mchana. Hata lile koti la mjomba wake nikalisema. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anaangalia mashati.

Akaniuliza, "Truda anajua?"

Nikasema bado.

Akalikunja shati lililokuwa juu, akaliweka pembeni. Halafu akasema, "Basi mwambie yeye, mwalimu. Mimi nilikuwa najua sikufanya. Yeye ndiye hajui."

Nikamwambia nimepita kwa Mwalimu Luka, kwamba amesema darasa jipya linaanza na anaweza kuja kumalizia ukurasa wake uliobaki. Akasema ataangalia. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Aliichukua pasi, akaipuliza majivu, akaendelea. Mtandio ni uleule wa kijani, umepauka.

Kwa Skolastika bado sijakwenda. Nakuambia ili usije ukadhani mama yako amekuwa mtu mwingine kwa asubuhi moja. Nilipita karibu na meza yake nikitoka Lizaboni, akaniamkia, nikaitika, nikaendelea na njia. Nitakwenda. Ukiniandikia kutoka Mbeya, niulize kama nimekwenda, na nisipojibu swali hilo, uliza tena.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii chini ya nguo zako ili uikute Mbeya, ukiwa mbali, hasira yako isinifikie. Nimeliacha wazo hilo. Nitakupa mkononi leo, ukishuka tu na kunawa uso, jua likiwa bado liko juu. Lizaboni kwa kina Zamda si mbali, na nguo zako nimekwisha kuzipanga.

Soma hadi mwisho. Mimi nitakuwa hapa mezani, mbele yako. Unaweza kunipigia kelele, unaweza kunyamaza. Na ukiinuka ukatoka nje, sitakuuliza unakwenda wapi.

Mama yako